Jina Lisiloitwa Humu Ndani

Mji huu hauna jina, na mtu asinisumbue niupe, maana huko mbele mtaona wenyewe jinsi jina linavyoweza kumtesa kiumbe. Ulikuwa mji wa kilimani, wenye ukungu mwingi na mabati yenye kutu, na mchana wake haukuwa na adabu hata kidogo. Kuna siku adhuhuri ilikuja, ikapita, kisha ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, na akina mama waliokwisha kusugua masufuria wakalazimika kuwasha moto upya. Kuna siku jua lilichomoza likiwa limechoka tayari. Vikongwe walishuka asubuhi kwenda sokoni wakafika huko wasichana, wakapandisha kilima wakizeeka tena njiani, na hakuna aliyegeuza shingo kuwatazama. Watu wa mji huu walikuwa wamekoma kushangaa, kwa sababu kushangaa nako kunataka nguvu.

Jambo moja tu liliwashinda kulizoea. Mnyama wa nyumbani hakuweza kufa maadamu watu wa nyumba yake wanamwita. Ng'ombe wa machinjioni alikufa. Panya alikufa, kunguru alianguka kutoka kwenye waya akafa. Lakini mnyama aliyepewa jina na watu wanaomlisha, akilisikia jina hilo, aliinuka. Awe ameoza mapafu, awe amebakiza pumzi ya kuazima, akiitwa alijikusanya kiungo kwa kiungo, akasimama, akaja. Ndiyo maana mitaani walipita wanyama waliopendwa kupita kiasi. Paka wa Ngassa, muuza mafuta ya taa, alikuwa amefifia hata akikaa ukutani unaona matofali kupitia ubavu wake. Mbuzi wa mjane wa kona alikuwa mwepesi kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, na upepo ukivuma ilibidi afungwe kwa kamba. Hawakuwa mizimu. Mizimu ina mapumziko yake. Hawa walikuwa wachovu tu, na kila asubuhi mtu aliyewapenda alifungua mlango akawaita.

Sasa swali, nalo ndilo lililomkalia Nyamizi kifuani tangu mbwa wa baba yake aanze kuburuta miguu ya nyuma: nani mwenye haki ya kusema basi? Anayeumwa hana ulimi. Anayempenda hana ubavu. Anayesimama kando hulisema upesi mno, kwa kuwa yeye halimgharimu kitu. Na mbingu ya mji huu, ikiulizwa, ilileta adhuhuri nyingine.

Nyamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kovu nyuma ya sikio la kushoto na tabia ya kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Aliishi na baba yake, Mzee Msabila, kwenye nyumba yenye dirisha moja linaloona jua. Enzi zake mzee alikuwa mwita majina wa mahakama. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaita, na wanaume wenye masharubu wakainuka kwenye mabenchi magoti yakigongana. Ilikuwa kazi ya sauti tu, lakini ndani ya sauti ile mlikaa serikali nzima: asiyeitwa alikuwa bado huru, aliyeitwa alikuwa tayari nusu mfungwa. Mzee hakuwahi kumfunga mtu. Aliita tu. Jioni alirudi nyumbani akamwita mkewe Wande, akamwita Shija, mwanawe ambaye hakukaa sana duniani, akamwita Nyamizi, wote kwa sauti ileile ya mlangoni, nao wakaja.

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka, si kwa mkupuo, bali kama mchele unaovuja kwenye gunia lenye tundu. Unadhani limejaa mpaka siku unayolinyanyua. Nyuso ziliondoka kwanza. Majina yalibaki, yakawa yanazurura kinywani bila wenyewe. Asubuhi alimwita Wande, aliyekwisha kuzikwa. Alimwita Shija. Aliwaita washtakiwa waliofungwa, wakaachiwa, wakazeeka, wakafa. Aliwaita mahakimu, mapadri, wauza samaki. Majina yote ya maisha yake yalipita mdomoni mwake isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa la binti aliyemnawisha uso. Kwake yeye binti huyo alikuwa "wewe", au "mama", au "dada wa hapa". Mtaani aliitwa binti Msabila. Kwa hiyo jina Nyamizi lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumiwa na mtu, na mwenyewe alipolitaja kimoyomoyo lilimbana kidogo, kama kiatu cha zamani.

Jina pekee ambalo mzee aliliita na kitu kikaja lilikuwa Kashata.

Kashata alikuwa mbwa mwenye rangi ya kashata ya nazi iliyokaa motoni kuzidi kidogo. Ujana wake wote aliumaliza akigombana na fagio. Likigusa sakafu tu, amelidaka, amelitikisa, amekimbia nalo uani, na nyumba nzima inacheka. Alipenda ukoko wa wali. Alibwekea mvua, si radi, mvua yenyewe, kila tone lilikuwa na kesi naye. Sasa tumboni alikuwa na uvimbe mgumu, miguu ya nyuma imekufa ganzi, na ngozi ya nyonga imechubuka kwa kulalia upande mmoja. Nyamizi alimgeuza juu ya gunia asubuhi, akamgeuza mchana, na adhuhuri iliporudi akamgeuza tena. Alimsafisha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Alimpa uji kwa kidole, akingoja ameze, na mara nyingi kabla hajameza sauti ilitoka dirishani.

"Kashata! Ee, Kashata!"

Na mbwa aliinuka. Jamani, aliinuka. Alijisukuma kwa miguu ya mbele, kucha zikikwaruza saruji, akaburuta nusu yake ya nyuma mpaka kwenye kiti, akaweka kidevu juu ya mguu wa mzee. Mzee akamkuna nyuma ya sikio. Akatabasamu. Akatazama nje. Akasahau. Kabla mbwa hajapata namna ya kujilaza, sauti ikatoka tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na kwa mzee kweli ilikuwa mara ya kwanza.

Hicho ndicho kilichobaki kati ya mzee na dunia: anaita, kitu kinakuja. Nyamizi alilijua hilo, na ndiyo sababu alichelewa kumtafuta mtulizaji, mtu wa kuwapumzisha wanyama waliochoka. Akiondoka mbwa, baba ataita na hakuna kitakachokuja. Asipoondoka, ataisha huku anatembea, mpaka matofali yaonekane kupitia ubavu wake. Nyamizi aliyapima haya mawili kila alipokoroga uji, na kila mara uji uliungua.

*

Mtulizaji wa mji huo aliitwa Kabula. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mkoba wa turubai na magoti mabovu, na alisikika akilalamika kuanzia chini ya kilima.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu ndani."

"Nimekaribia. Kilima chenu hiki kina kisasi na mimi." Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu bila kuomba ruhusa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Umeitwa?"

"Nimeitwa, baba."

"Basi kaa kwenye benchi. Zamu yako itafika."

Kabula akamtazama Nyamizi, wote wawili wakataka kucheka na wote wawili wakashindwa. Kisha akageukia gunia. Hakumgusa mbwa. Alimtazama muda mrefu, jinsi anavyopumua, jinsi nzi alivyotua kwenye jicho lake na jicho lisipepese.

"Alikuwa anapenda nini?" akauliza. "Usiniambie kula. Kula kila mtu anapenda. Kitu chake mwenyewe."

"Fagio."

"Lilete."

Nyamizi akaleta fagio la chelewa. Kabula akaliinamisha, akafagia taratibu mbele ya pua ya mbwa, chwa, chwa, chwa, sauti ambayo zamani ingemtoa hata chini ya ardhi. Kashata alilifuata kwa macho kutoka kulia kwenda kushoto. Lilipovuka ukingo wa gunia hakulifuata tena. Alifumba macho kama mtu anayemwonea haya rafiki aliyemkuta hana kitu cha kumkaribisha.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mimi nilishaona toka mlangoni. Nilitaka uone wewe, usije ukasema Kabula ndiye aliyeamua."

Nyamizi akaketi chini, mgongo ukutani, akalia bila sauti, kilio cha mtu ambaye hata kulia kumemchosha. Kabula alimwacha. Alichimba mkobani akatoa karanga, akatafuna, akatazama dirisha.

"Kashata!" mzee akaita. "Ee, Kashata!"

Mbwa akafumbua macho. Akajikusanya. Nyamizi alitaka kumzuia kwa mikono yake akashindwa, kwa sababu mnyama anayeitwa katika mji huu hazuiliki. Kucha zikakwaruza. Njia ya kutoka kwenye gunia hadi kwenye kiti ilikuwa fupi, lakini yeye aliivuka kama anapanda kilima kile cha Kabula. Kabula aliacha kutafuna.

"Dada, nina dawa ya kupunguza maumivu, nitampa leo, alale vizuri. Nina sindano mbili za mwisho, ya kwanza ya usingizi, ya pili ya kusimamisha moyo. Hasikii kitu. Lakini sindano yangu haiwezi kushindana na huyu mzee. Akiitwa dawa ikiwa mwilini, anaamka nayo. Hilo sifanyi."

"Nimemwambia asimwite. Anasema sawa. Sijafika jikoni, ameita."

"Si kosa lake. Basi itabidi tubadilishane. Humu ndani kuna wa kulibeba jina la mbwa? Mzee akiita, aitike mtu badala yake."

"Nipo mimi tu."

"Utaweza? Kuitika kama yeye. Kwenda mpaka pale mguuni."

"Nitaweza."

"Na yeye apewe jina jingine. Akiachwa mtupu, lake litamrudia. Mpe jina ambalo humu ndani haliitwi." Kabula akainua kidole chenye chumvi ya karanga. "Nisikilize vizuri hapa. Jina ni la anayewahi kuitika. Na mtu hawezi kubeba mawili. Ukiitika jina jingine, lile la mbwa limekuponyoka, linamrudia mwenyewe, linangoja tu mtu aliite."

Nyamizi akaanza kutafuta. Wande haikufaa, mzee alimwita Wande kila asubuhi. Shija haikufaa. Akapitisha majina ya wajomba, ya majirani, ya mapadri, ya mahakimu, na kila alilolishika alikumbuka mzee akilirusha hewani jana, au juzi, au ile siku ambayo juzi ilirudi. Mtu aliyeita watu maisha yake yote amelibakisha jina gani bila kuliita? 

"Lipo," akasema. "Nyamizi."

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

 Kabula akazikunja karanga zilizobaki kwenye gazeti lake, akazirudisha mkobani.

*

Asubuhi iliyofuata, kama ilikuwa ya kufuata, maana ilikuja na baridi ya mwezi mwingine, walibadilishana. Hakukuwa na sherehe. Nyamizi aliinama akalinong'ona jina lake mwenyewe kwenye sikio la mbwa, sikio lenye joto na harufu ya majivu, na akahisi kitu kidogo kikimtoka, si kikubwa, kama unapompa mtu ufunguo wa chumba usichokitumia. Kisha Kabula akamnong'oneza yeye: Kashata. Wakatoka kwenda uani na gunia na mbwa juu yake wakamtafutia mahali penye jua la kesho, wakarudi ndani wakamlaza chini ya dirisha palepale penye jua la leo, maana la kesho halikuaminika. Sharti la Kabula lilikuwa moja: mbwa apitishe mchana mzima bila kuinuka, mwili wake usadiki kwamba hauitwi tena. Baada ya hapo, sindano.

"Kashata!"

Nyamizi akaitika. Alikwenda kwa magoti na viganja, akaketi sakafuni mbele ya kiti, akaweka kidevu juu ya mguu wa baba yake. Nyuma yake, kwenye gunia, mbwa alisogeza sikio moja, akaliacha lilale. Ilifaa.

Mkono wa mzee ukashuka. Ukaingia kwenye nywele zake, ukakuna, taratibu, kwa ukucha, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Tangu lini mkono ule haujamgusa? Alikuwa amemvalisha shati, amemkata kucha, amempangusa uji kidevuni, amemgusa yeye mara zisizohesabika, lakini yeye kuguswa, hapana. Nyamizi akafumba macho. Aliona haya kwamba anafurahi. Mbwa anakufa, na mimi nafurahi. Dunia kwa huku chini ina vumbi ambalo nilidhani nimelifagia. Miguu ya meza ni mirefu. Nani anamlisha nani? Kashata, umekuwa ukipewa hivi kila siku? Ndiyo maana ulikuwa unaamka?

"Umekonda, mzee mwenzangu," baba akamwambia. "Hawakulishi? Kuna mwanamke humu ndani ananilisha mimi. Mkono wake mwepesi. Sijui ni wa nani. Nimetaka kumuuliza, naona haya. Mtu akikupikia muda wote huo, utamuulizaje jina?"

Mbwa hawajibu. Nyamizi akabana meno kwenye mdomo wa chini na kukaa pale mpaka mkono ukasahau.

Aliitwa tena na tena. Adhuhuri ilikuja, ikapita. Akapika wali, akatoa ukoko, akaulowesha kwenye maji, akaupaka kwenye midomo ya mbwa, naye akaulamba kidogo kwa heshima. Akalaza fagio kando ya gunia, mpini ukimgusa mbwa ubavu. Kisha adhuhuri ikarudi, na Nyamizi, akiwa amepiga magoti kwa mara ambayo hakujua tena ni ya ngapi, aliwaza kwa uchungu kwamba hata mchana huu haukubali kuachwa ufe. Magoti yalichubuka. Mgongo uliuma. Alianza kusikia harufu za mbali, mafuta ya taa ya Ngassa, mvua iliyo nyuma ya kilima, na kulikuwa na kitambo ambapo hakuwa na uhakika ni nani aliyelala kwenye gunia na ni nani aliyekuja kwenye kiti, wala hakuona sababu ya kuuliza.

"Hapa," mzee akasema ghafla. Kidole chake kilikuwa kimesimama nyuma ya sikio lake la kushoto. Kilipita juu ya kovu, kikarudi, kikapita tena. "Hapa uliumia lini?"

Nyamizi alikisukuma kichwa kidogo kuelekea kidole.

"Lilishonwa vibaya hili," mzee akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye hasira na daktari fulani. Kidole kikaendelea kwenda na kurudi. Kisha kikaacha, naye akatazama nje.

Kivuli cha ukuta kiligusa mlango. Kabula, aliyekuwa amekaa nje siku nzima akisikiliza, akaingia na mkoba wake.

"Hajainuka?"

"Hajainuka."

"Basi njoo umshike. Akisinzia anuse mkono wako, si wangu."

Nyamizi akakaa kwenye gunia, kichwa cha mbwa pajani. Kabula akamnyoa manyoya kidogo mguuni, akasubiri, akachoma ya kwanza. Alifanya polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba mnamolala mtoto. Pumzi ya mbwa, iliyokuwa ikikatika muda wote, ikanyooka. Uso wake ukalegea ukarudi ule wa zamani, uso wa mbwa mpumbavu mwenye ugomvi na mvua.  Kabula akatazama, Nyamizi akaitikia kwa kichwa, na sindano ya pili ikaingia.

"Nyamizi!"

Sauti haikuwa ya kizee. Ilikuwa ya mlangoni, ya mahakama, sauti iliyoinua wanaume kwenye mabenchi. Mzee Msabila alikuwa ameshika mikono ya kiti, amenyooka.

"Nyamizi!"

Mkono wa Kabula uliganda kwenye bomba la sindano. Kwenye paja la Nyamizi shingo ya mbwa ilianza kukaza. Sikio likainuka. Chini ya ngozi, kiungo kwa kiungo, kitu kilianza kujikusanya. Na Nyamizi, ambaye alikuwa ameingoja sauti hiyo kwa muda wote ambao mchele ulikuwa ukivuja, ambaye alikwisha kuacha kuingoja, hakupima wala hakufikiri. Mtoto wa kike akiitwa na baba yake ana neno moja tu.

"Abee, baba!"

Shingo ya mbwa ikalegea. Jina lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

"Kichwa bado kinauma?" mzee akauliza.

Alikuwa akimtazama yeye. Usoni. Macho yake yalikuwa ya mwanaume kijana aliyelowa, aliyembeba mtoto mgongoni kwenye mvua kupanda kilima hiki kwenda kutafuta daktari, damu ya mtoto ikimtiririka shingoni. Nyamizi aliikumbuka ile shingo.

"Hapana, baba. Kimepoa."

"Njoo nione."

Kabula alimwashiria kwa kichwa aende, akachukua kichwa cha mbwa kutoka pajani mwake taratibu, akakilaza juu ya mkono wake mwenyewe. Midomo yake ilisema bila sauti: bado, bado kidogo. Nyamizi akainuka, kwa miguu miwili, akaenda kwenye kiti. Akakaa kwenye mkono wa kiti kama alivyokaa utotoni. Alijua sasa alichokiangusha. Jina la mbwa halikuwa naye tena. Lilikuwa limerudi pale kwenye gunia, juu ya mwili ambao moyo wake ulikuwa unapiga hatua za mwisho, na lilihitaji mdomo mmoja tu wa nyumba hii.

Mzee akatazama kovu. Akalipuliza, kama linavyopulizwa jeraha bichi.

"Nani yule amelala kwenye gunia?"

"Mbwa, baba."

"Mbwa wetu?"

"Wetu."

"Amechoka."

"Sana, baba."

"Ni mbwa mzuri. Anagombana na fagio." Mzee akacheka kidogo, kisha akakunja uso, akitafuta, na ulimi wake ukaonekana ukigusa meno. "Anaitwa nani vile?"

Nyamizi alilisikia jina likiwa limejaa mdomoni mwake. Alijua litakachofanya. Alijua mkia ungegonga gunia mara moja, puh, na macho yangefumbuka, na angekuja, Mungu wangu, angekuja, na alimtaka aje. Alimtaka kwa mwili mzima. Kama ni kusema kweli, hajawahi kutaka kitu namna ile, na kilichokuwa kati yake na kitu hicho ni neno fupi alilolizoea kuliko jina lake mwenyewe. Baba yake, aliyemwita leo kwa mara ya kwanza tangu alisahau jina lake, alikuwa anamwomba kitu kimoja, na yeye alikuwa nacho.

"Nimesahau, baba," akasema.

Nyuma yake Kabula aliweka vidole chini ya mguu wa mbele wa mbwa, akavikalisha pale muda mrefu. Kisha akavitoa, akatandaza kanga. Kivuli kiliuvuka mlango na hakikurudi. Mchana uliondoka.

Mzee Msabila alimtazama binti yake akilia, akauweka mkono juu ya kichwa chake, upande wenye kovu.

"Usilie," akasema. "Hata mimi nimesahau. Basi tuko wawili."